Kifuniko Kimoja kwa Mtungi Mmoja

Kwetu Habaswein, hakuna mtoto anayekwenda shule kabla ya kumaliza kazi yake ya asubuhi. Msimu ule, kazi yetu mimi na dada yangu Hamdi ilikuwa kung'oa kupe. Tukishaswali na kunywa chai, tunaingia zizini. Mimi namshika mbuzi pembe, naye Hamdi anachambua masikioni, chini ya mkia na kwenye kiwele. Kila kupe aliyetoka tulimtumbukiza katika kopo la mafuta ya taa. Kazi yenyewe haina raha hata kidogo, lakini mvua ilikuwa imenyesha vizuri, nyasi zimeota, na kupe nao wakaja kula karamu ambayo hawakualikwa.

Mimi naitwa Filsan, niko gredi ya tano. Hamdi yuko gredi ya nane. Watu husema nina mdomo. Ni kweli ninao, na leo nitautumia kumsifu dada yangu. Asiyependa kusikia na aondoke mapema. Nyumbani tunaongea Kisomali, lakini hapa nasimulia kwa Kiswahili ili sote tuelewane. Ayeeyo, yaani nyanya yetu mzaa mama, akijua nimemtia Kiswahili kinywani atacheka hadi meno yake yaliyobaki yaonekane yote.

Katika zizi letu kulikuwa na mbuzi mmoja mweupe pe, jina lake Adey. Huyu alikuwa mbuzi wa Hamdi mwenyewe. Kwetu mtoto akizaliwa, siku ya kufungwa kitovu hupewa mnyama wake, na wazao wa mnyama huyo huwa mali ya mtoto. Ukoo wa mbuzi wa Hamdi ulikuwa umepukutika wote katika ukame uliopita. Adey peke yake ndiye aliyebaki, na sasa alikuwa na mimba kubwa.

Kupe walikuwa wamemnyonya Adey hadi ufizi wake ukawa mweupe kama manyoya yake. Alisimama kwa shida, na hata kula alikula amelala. Baba yetu alikuwa mbali malishoni na ngamia, kwa hiyo hakukuwa na wa kumuuliza. Hooyo, mama yetu, alimpapasa Adey tumbo akasema kwa sauti ndogo, "Akiendelea hivi, mimba itatoka. Au ataondoka yeye mwenyewe." Kesho yake Hamdi alikwenda shule bila kumaliza chai yake, na Hamdi si mtu wa kuacha chai.

Tumaini letu lilikuwa kwa Abti Bare. Abti ni mjomba, ndugu wa mama, na boma lake liko karibu na letu. Alikuwa amenunua dawa ya kupe katika duka la Salah, kijana aliyefungua duka la dawa za mifugo pale sokoni. Abti aliwanyunyizia mbuzi wake Jumamosi, na kesho yake kupe wakawa wamekauka, wanaanguka wenyewe. Basi jioni tukakuta chupa ya dawa imewekwa mlangoni petu. Tukajua ni Abti. Baba akiwa safarini, mjomba haachi boma la dada yake lihangaike.

Hooyo akafanya kama wafugaji wote wanavyofanya na dawa ile. Kifuniko cha chupa ndicho kipimo: kifuniko kimoja cha dawa kwa mtungi mmoja wa maji. Akapima, akakoroga, akatia katika pampu ya mgongoni, akawanyunyizia mbuzi wote kutoka pembe hadi kwato. Adey alipewa mara mbili.

Tukangoja. Wallahi, hakuna kupe hata mmoja aliyepiga chafya! Walizidi kunenepa. Hooyo akarudia tena, kifuniko kimoja kwa mtungi mmoja. Kupe wakaoga, wakaburudika, wakaendelea kunyonya.

Ayeeyo akapandwa na hasira. Ayeeyo wetu akikasirika, hata upepo hungoja kwanza. Alijitanda shuka yake, akashika bakora yake, akaenda moja kwa moja hadi dukani kwa Salah. Mimi, niliyetoka shule kabla ya Hamdi, nilikuwa nyuma yake, nimeona yote.

"Salah!" alisema, na soko zima likageuka. "Unatuuzia maji ya kisima unayaita dawa! Kupe wa binti yangu wananenepa kwa dawa yako! Nyinyi watu, msinunue kwa huyu kijana!"

"Mama yangu, wallahi dawa yangu ni nzuri," Salah alijibu, uso umemshuka. "Haijafunguliwa tangu itoke kiwandani."

"Basi kupe wangu ndio waongo?"

Watu waliokuwa wamesimama pale dukani wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Salah aliwatazama wakienda, kisha akachukua chupa mpya rafuni, akampa Ayeeyo kwa mikono miwili. "Chukua hii, mama. Sitaki kitu chochote. Ijaribu, na ikishindwa nitafunga duka mwenyewe."

Ayeeyo akaipokea bila hata ahsante. Njiani akaniambia, "Filsan, leo sitii maji. Dawa yake ni dhaifu, basi tutaipaka tupu, tuone kama kupe watacheka tena. Tutaanza na yule mweupe, maana ndiye anayekufa."

Hamdi aliporudi shuleni alasiri, Ayeeyo alimwonyesha ile chupa na kumwambia mpango wake. Hamdi aliweka mkoba chini polepole. Nilimjua, hapo alikuwa anafikiri.

"Ayeeyo," alisema, "ile dawa ya kwanza ilitoka wapi?"

"Kwa mjomba wako. Si unajua?"

"Na mbuzi wa Abti walipona?"

"Walipona."

"Chupa moja, duka moja, kipimo kimoja. Mbona iwaue kupe wa Abti na iwaogeshe wetu?"

Ayeeyo akapunga mkono. "Maswali ya shule yaache shuleni. Nitaswali alasiri, nikimaliza naanza kupaka."

Hapo ndipo na mimi, mwenye mdomo, nilipokumbuka jambo. "Hamdi, ile dawa ya kwanza ilikuwa nyeupe kama maziwa. Hooyo alipoimimina kwenye mtungi, maji hayakubadilika rangi."

Hamdi akanishika mabega. "Una hakika?"

"Nilikuwa nimeshika mtungi mimi!"

Akafungua ile chupa mpya, akachungulia. Dawa ilikuwa ya manjano, nzito, na harufu yake ilitupiga puani hadi machozi yakatutoka. Akafunga haraka. "Filsan, twende kwa Abti. Kimbia!"

Tulikimbia hadi viatu vyangu vikabaki njiani. Abti Bare alikuwa kivulini akisuka kamba. Alicheka kutuona tunahema hivyo. "Salaam aleikum, mabinti wa dada yangu! Mmefukuzwa na fisi?"

"Aleikum salaam, Abti," Hamdi alijibu. "Tafadhali nieleze. Siku uliyonyunyizia mbuzi wako, ulifanya nini? Usiruke hata kitu kidogo."

Abti akaona hatanii. Akaweka kamba chini. "Nilipima kifuniko kimoja cha dawa, nikatia katika mtungi wa maji. Yakageuka meupe, kama kawaida. Nikafanya hivyo mtungi baada ya mtungi hadi dawa ikaisha na mbuzi wakaisha. Mchanganyiko kidogo ukabaki."

"Uliobaki uliutia wapi?"

"Katika ile chupa yake, si ilikuwa tupu? Nikawaletea. Mume wa dada yangu hayupo. Ningempelekea dada dawa mbichi aanze kuhangaika na kupima? Nilitaka akute kazi imekwisha, anyunyizie tu! Nilifika nikakuta hamko, nikaiweka mlangoni." Alitabasamu kwa wema wake, kisha tabasamu likaanza kufifia. "Kwani... mama yenu alitia maji tena?"

"Kifuniko kimoja kwa mtungi mmoja, Abti."

"Subhanallah," Abti alisema, akashika kichwa.

Nikadhani Hamdi atalia. Badala yake aliokota kijiti akapiga hesabu mchangani, haraka, kama anavyofanya anapojisomea baada ya Mwalimu Leyla wa shuleni kwao kuwapa kazi ngumu. Mwalimu Leyla huwafundisha kwamba ukitaka kujua ukali wa kitu kilichochanganywa na maji, usiangalie chupa, uliza kila lita ina kiasi gani cha kitu chenyewe. Huo ndio ukolezi.

"Kifuniko ni mililita ishirini," Hamdi alisema. "Mtungi ni lita ishirini. Kwa hiyo kila lita inapata mililita moja ya dawa. Hicho ndicho kipimo kinachoua kupe na kumwacha mbuzi. Lita moja ni mililita elfu moja. Maana yake, katika mchanganyiko wa Abti, sehemu moja kati ya elfu ndiyo dawa, nyingine zote ni maji. Hooyo akachukua kifuniko cha huo mchanganyiko, akakitia tena katika lita ishirini. Amegawanya kwa elfu mara ya pili!"

"Kwa hiyo tuliwanyunyizia nini?" niliuliza.

"Maji, Filsan. Maji yaliyosikia habari za dawa." Kisha akatupa kijiti na macho yakamtoka. "Na hii ya leo Ayeeyo anaitaka bila maji. Hiyo ni mara elfu ya kipimo! Adey hatafika magharibi!"

Alitimua mbio, Abti nyuma yake, na mimi nyuma ya Abti bila viatu.

Tulipofika, Adey alikuwa amefungwa kwenye kigingi. Hooyo alimshika kichwa, na uso wake ulionyesha hapendi lakini hawezi kumpinga mama yake. Ayeeyo alikuwa amefunga kitambaa kwenye kijiti na kukichovya ndani ya chupa. Alikuwa ameshagusa ncha ya sikio la Adey, na mbuzi alikuwa anatikisa kichwa na kulia.

Hamdi hakumpokonya Ayeeyo kijiti. Kwetu mtoto hamnyang'anyi mzee kitu mkononi. Aliingia katikati, akampa Adey mgongo na Ayeeyo uso, akapiga magoti.

"Ayeeyo, nipige mimi kwanza, kisha unisikilize."

"Naa, we msichana! Ondoka hapo!"

"Nipige, Ayeeyo. Lakini ukimpaka Adey dawa hiyo tupu, umemuua kwa mkono wako, na mimi sina mwingine."

Ayeeyo akainua kijiti juu. Nilifumba jicho moja. Ayeeyo hakuwahi kuzuiwa na mtu tangu nimjue, si na mwanamume wala mwanamke. Hooyo akasema taratibu, "Mama, mtoto huyu hajawahi kukuvunjia heshima. Mwache aseme."

"Sema," Ayeeyo alisema. "Na useme kitu chenye maana."

Hamdi akaniambia, "Filsan, osha sikio la Adey kwa sabuni, maji mengi, sasa hivi. Na mikono yako pia." Kisha akaenda jikoni, akarudi na thamosi ya chai ya Ayeeyo, jagi la maji na kijiko. Chai ya Ayeeyo ina sukari ya kutosha kumfanya nyuki apotee njia. Hamdi akachota kijiko kimoja cha chai, akakitia katika jagi la maji, akakoroga, akampa.

"Onja, Ayeeyo."

Ayeeyo akaonja, akakunja uso. "Maji haya."

"Nimetia chai yako, yenye sukari yako."

"Umetia kijiko kimoja kwenye jagi zima, we mtoto! Sukari itaonekana wapi?"

"Basi aliyekupa maji hayo akikwambia sukari ya duka ni mbovu, utakubali?"

Ayeeyo akatazama jagi, akamtazama Abti Bare aliyekuwa amesimama kando, macho chini. Abti akamweleza yote: mchanganyiko uliobaki, chupa tupu, na wema wake usiokuwa na maelezo.

"Kwa hiyo dawa ya Salah..." Ayeeyo alianza.

"Ni nzuri, Ayeeyo. Ilikuwa imeshazimuliwa na Abti, Hooyo akaizimua tena. Na hii uliyoshika haijaguswa na maji. Mtu akikumiminia kinywani gunia la chumvi, atasema amekutilia chumvi kwenye mchuzi?"

Ayeeyo akakaa chini palepale zizini. Kisha akamnyooshea Hamdi ile chupa. "Chukua. Pima wewe. Leo mimi nitashika pembe."

Jamani, laiti mngemwona dada yangu! Aliwaambia wote wasimame upande upepo unakotoka, akajifunga mtandio puani, akapima kifuniko kimoja akakiinua kwenye mwanga ahakikishe kimejaa sawasawa, si pungufu wala kumwagika. Akakitia katika mtungi wa maji. Safari hii maji yaligeuka meupe mbele ya macho yetu, na Hooyo akasema, "Ah! Hivi ndivyo ilivyopaswa kuwa!" Ayeeyo alimshika Adey pembe kwa mikono yake mwenyewe, akimnong'oneza maneno mazuri, huku Hamdi akinyunyiza polepole, masikioni, chini ya mkia, kwenye kiwele. Mbuzi wote wakapata. Tulipomaliza tulinawa kwa sabuni hadi viwiko, na Hamdi akasoma karatasi ya chupa akatuambia maziwa tusikamue hadi siku zilizoandikwa zipite.

Asubuhi iliyofuata niliingia zizini nikiwa na kopo langu la mafuta ya taa. Halikuwa na kazi. Kupe walikuwa wametapakaa chini, wamekauka, na kuku wa Hooyo wanazunguka wakitaka kuwadonoa, tukawa na kazi nyingine ya kuwafukuza. Adey alikuwa amesimama. Amesimama, nasema! Anatafuna jani kwa dharau, kama vile hakuna lililotokea. Hooyo akapiga vigelegele hadi Abti akaja mbio akidhani kuna arusi. Hamdi alimkumbatia mbuzi wake shingoni akalia, na mimi sikumtania, japo nilikuwa na la kusema.

Nilidhani mambo yameishia hapo. Lakini Ayeeyo alikuwa amevaa nguo zake za sikukuu, amesimama mlangoni.

"Tunakwenda sokoni," alisema. "Wote. Bare pia."

"Mama, naweza kwenda mimi nimwambie Salah," Abti alisema. "Kosa lilianza kwangu."

"Kosa la dawa ni lako. Kosa la maneno ni langu, na maneno niliyasema mbele ya watu."

Ilikuwa siku ya mnada, na soko limejaa. Mbele ya duka la Salah hapakuwa na mtu. Yeye mwenyewe alikuwa ndani, ameegemea meza. Alipomwona Ayeeyo akainuka kwa hofu, nadhani alifikiri amekuja kumalizia.

Ayeeyo akapiga bakora chini. "Watu wa Habaswein! Mlinisikia nikisema kijana huyu anauza maji. Nisikieni tena. Nilisema uongo. Sikujua ni uongo, lakini ulikuwa uongo. Dawa yake ni safi. Maji tuliyatia sisi wenyewe, mara mbili, bila kuulizana. Salah, mwanangu, nisamehe."

Salah akatoka nje, akamshika mkono. "Nimesamehe, mama. Mungu atusamehe sote." Kisha akauliza, "Lakini ni nani aliyegundua?"

Ayeeyo akamsukuma Hamdi mbele. Mwanzo dada yangu aliongea kwa sauti ya chini, akitazama vidole vyake. Kisha wafugaji wakaanza kumuuliza, naye akasahau haya. Akawaeleza kwa jagi la maji na chai kutoka kwa mama muuza chai wa jirani. Akawaambia mchanganyiko uliobaki usirudishwe kamwe katika chupa ya dawa, na kwamba anayempa jirani dawa amwambie kwa mdomo wake: hii ni mbichi, au hii imeshatiwa maji. Mzee mmoja aliyekuja na mbuzi kutoka mbali akakiri kwamba na yeye hupima kwa kikombe, tena kwa kukisia. Akanunua chupa, akamwomba Hamdi amwonyeshe kifuniko kilichojaa sawasawa. Nyuma yake wakapanga foleni wengine.

Ayeeyo alingoja hadi Hamdi amalize, kisha akatuvuta sisi wajukuu wake wawili karibu, mbele ya wote.

"Watoto, nimeishi miaka mingi nikiamini kwamba kitu kikiwa na nguvu, kingi ni bora zaidi," alisema. "Jana mtoto amenifundisha kwamba kinachoponya si dawa peke yake, ni dawa na kipimo chake. Nilitaka kumpaka mbuzi bila kupima, na kabla ya hapo nilikuwa nimeshamwaga maneno sokoni bila kupima. Mbuzi tulimwahi. Maneno yalikuwa yameshafika, ndiyo maana leo nimeyafuata kwa miguu yangu. Basi nyinyi ulizeni kwanza, pimeni, ndipo mmimine. Na mkikosea mbele ya watu, rekebisheni mbele ya watu."

Yule mzee wa mbuzi akanyanyua kichwa. "Huyu binti ni wa nani?"

Hooyo na Abti wakafungua vinywa pamoja, lakini Ayeeyo aliwatangulia, kidevu juu, sauti ikisikika hadi mnadani.

"Wangu!"